Mkutubi Kasema

Kila alasiri Chiriku alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo, ndipo akafungua madaftari. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumatatu moja mwalimu wao aliwapa kazi: wamhoji mwalimu na mkutubi, yaani mtunza vitabu wa maktaba, wajue nani analipwa zaidi na nani huajiriwa upesi. Mwalimu wa kumhoji alikuwa karibu, shangazi yake mwenyewe.

"Mshahara wa kujenga ghorofa haupo," shangazi alicheka. "Ila walimu wanatakiwa kila mahali. Mimi nilingoja miezi mitano tu."

Maktaba ilikuwa mbali, na wenzake walikuwa wanamngoja waruke kamba. Chiriku akajitungia: "Mkutubi alisema analipwa mara mbili ya mwalimu, na kazi ni tele." Akapata alama kumi na tisa kati ya ishirini.

Daftari lile likasomwa na dada yake, aliyekuwa amemaliza shule. Alikuwa na fomu ya chuo ya kurudisha Ijumaa, na ilimruhusu kuchagua fani moja tu.

"Mama, ualimu basi tena, najaza ukutubi," alisema. "Mkutubi kasema kazi ziko tele."

Tangu siku hiyo, mtu ambaye hakuwahi kusema neno akahamia nyumbani kwao. Baba akinawa mikono: "Mara mbili! Mkutubi kasema, eh?" Dada akipiga pasi: "Si mkutubi kasema!" Chiriku akifumba macho alimwona mtu asiye na uso, ameketi kiti cha wageni, kimya, anamtazama yeye tu. Wakati wa kula akawa anamega tonge na kulirudisha sahanini.

"Wewe, umemeza mwiba?" dada alimtania.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. Alipotoka shule alikwenda mbio hadi maktaba. Mkutubi alikuwa mama mwembamba, anagundisha kitabu kilichochanika.

"Shikamoo. Eti mkutubi analipwa mara mbili ya mwalimu?"

"Marahaba. Mara mbili? Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi! Lini?"

Chiriku akaangua kilio, akaeleza yote. Mama yule akaweka gundi chini.

"Mwanangu, mshahara wetu na wa mwalimu ni pua na mdomo. Tofauti ni nafasi. Kila shule ina walimu kadhaa, lakini nyingi hazina mkutubi hata mmoja. Mimi kazi hii niliingoja miaka sita."

Nyumbani alikuta bahasha ya fomu imekwisha kufungwa. Akaeleza yote mbele ya wote. Dada alimkodolea macho.

"Ungeniacha nitumbukie hivihivi, mdogo wangu?"

Akaichana bahasha, akaisoma fomu yote upya. Kisha akatafuta bahasha nyingine, akaitia fomu ileile, hakubadilisha kitu.

"Vitabu navipenda," alisema polepole. "Miaka sita ni mingi, lakini sasa nitangoja nikijua ninachongoja."

Mama akamvuta Chiriku karibu.

"Usimtie mtu maneno mdomoni, mwanangu. Wewe uliandika ukaenda kucheza, lakini uongo haukwenda kucheza. Ulibaki humu ndani, unampangia mwenzako maisha. Kama hukuuliza, andika sikuuliza, upate sifuri yako ulale usingizi. Umesema leo Alhamisi, tumeshukuru. Ungesema Jumamosi, je?"