Paa la Kuanikia Omena

Jua linapochomoza juu ya Ziwa, Jentrix huwa amekwisha kufika ufukoni Dunga, ndoo mkononi na leso imekazwa kiunoni. Maboti yakitia nanga, huchagua omena, dagaa wa ziwani, kwa jicho na kwa pua. Zinazong'aa kama fedha, hizo ni zake. Zilizopasuka matumbo huwaachia wenye haraka.

"Wewe unachagua omena kama mtu anayemchagulia mwanawe mke," Obiero mvuvi humtania.

"Mke akiwa mbaya atarudi kwao," Jentrix hujibu. "Omena ikiwa mbaya nitairudisha wapi? Ziwani?"

Jentrix alizaliwa Port Victoria, katika nyumba iliyokula na kuvaa kwa samaki. Mama yake alimfundisha kwamba mchanga ni adui wa omena. Mlaji akiuma mchanga mara moja, harudi tena. Kwa hiyo, wenzake walipoanika chini ufukoni, yeye alianika juu ya nyumba.

Nyumba yao haiko mbali na ufuko. Kuta zake ni za mawe, na paa lake ni la zege, limelala bapa kama meza. Oketch, mumewe, ni fundi cherehani kule Kondele. Alipojenga alitarajia kuongeza ghorofa siku Mungu atakapojalia. Juu ya zege wakatandika karatasi nyeusi ya lami ili maji yasipenye. Ghorofa haikuja, lakini omena zilipanda. Zilikauka upesi, safi, mbali na kuku na vumbi. Wateja walizijua na kuzitaka. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto na kuwasomesha.

Kisha paa likaanza kuvuja.

Kwanza lilikuwa doa dogo darini, katika chumba cha mama yake Oketch, ambaye wajukuu humwita Dani. Doa likawa tone, na tone likataka sufuria. Adhuhuri moja, mvua ikinyesha, kipande cha plasta kikaanguka kando ya mto wa bibi kizee yule.

"Yawa!" Dani alipiga kelele. "Nyumba hii inataka kunizika kabla sijafa!"

Jioni ile Oketch alirudi kutoka kazini na neno moja tu.

"Mabati."

"Mabati ya nini, Baba Sheryl?" Jentrix aliuliza.

"Tupige mbao juu ya zege, tuezeke mabati yenye mteremko. Mambo ya kuvuja yaishe. Nimeshaongea na muuzaji."

"Na omena yangu ikauke wapi? Kichwani mwako?"

"Anika ufukoni kama wenzako, nyar Port," alisema, akimwita binti wa Port.

"Kwenye mchanga?"

Oketch aliketi. Hakuwa mtu mkali, wala hakuidharau kazi ya mkewe. Lakini mama yake alikuwa amelala sebuleni, juu ya mkeka.

"Mama ni mmoja," alisema taratibu. "Plasta ingempata kichwani, ungesema nini?"

Jentrix aliutazama ule mkeka. Alijua kwamba mabati yakipanda, kazi yake itashuka. Hata hivyo, hakuweza kuomba paa lake libaki huku mkwewe akihamishwa na matone.

Siku iliyofuata, Valarie alikuja kununua omena kama ilivyo desturi yake. Valarie ni jirani yao, na hufundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Alimkuta Jentrix akipima omena bila utani wake wa kawaida.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Ninahamishwa kutoka juu ya nyumba yangu, Mwalimu. Karatasi ya lami ilikuwa bandia. Imetusaliti."

"Umejuaje kwamba ni bandia?"

"Si inavuja?"

Valarie alicheka. "Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Mwite Oketch, twende juu."

Wakapanda ngazi wote watatu. Valarie aliomba ndoo ya maji, akaimwaga katikati ya paa. Maji yalitembea kidogo, yakageuka, kisha yakatulia pembeni yakawa kidimbwi. Tundu la kutolea maji lilikuwa upande mwingine kabisa, tena limezibwa na magamba na vichwa vya omena vilivyokauka.

"Mnaona?" Valarie alisema. "Paa bapa halipaswi kuwa bapa kama meza. Lazima liwe na mteremko mdogo ambao jicho halioni, lakini maji yanaujua. Maji yakikaa, hutafuta njia. Na yakitafuta, hupata."

"Na yamepata wapi?" Oketch aliuliza.

Valarie alichuchumaa. Alikuwa akitazama wavu ambao Jentrix aliutandaza juu ya omena ili kuwazuia yangeyange. Kingo za wavu zilikuwa zimepigiliwa misumari, na misumari ilikuwa imepita ndani ya karatasi ya lami. Pale ambapo wavu ulihamishwa, matundu yalibaki wazi.

"Misumari hii ni ya nani?" aliuliza.

Jentrix aling'oa msumari mmoja, akautazama. Kwao Port Victoria, wavu usiopigiliwa ni karamu ya ndege. Alifanya juu ya paa jambo lile lile alilofundishwa kulifanya ardhini. Lakini ardhi ikitobolewa hainung'uniki.

"Ni yangu," alisema. "Basi ni mimi niliyetoboa nyumba."

Alimgeukia mumewe, akitarajia kusikia neno mabati. Oketch aliinama, akatia kidole katika tundu moja.

"Hata mimi nilikuona ukipigilia," alisema. "Nikakushikia nyundo."

"Basi mmeoana kweli," Valarie alisema, na wote wakacheka.

Wakaketi kwenye ukuta mfupi wa ukingoni. Jentrix akauliza alichokuwa akiogopa kuuliza.

"Mwalimu, niambie ukweli. Paa hili linaweza kumkinga Dani na kubeba omena pia? Ama nichague moja?"

"Linaweza. Ila kwanza mjue kila kitu kinafaa wapi. Mabati ni mazuri, lakini yanataka mteremko mkubwa, na juu yake hakuna kazi. Iko rangi ya mpira, ile inayopakwa kwa brashi. Haina maungio na hufunga nyufa ndogo vizuri. Lakini ukiikanyaga kila siku na kuvuta reki ya kugeuzia omena juu yake, itachubuka. Hiyo ni ya paa ambalo watu hawapandi."

"Na plastiki?" Oketch aliuliza. "Kondele wameweka nyeupe kwenye paa la duka moja."

"Ni nzuri. Nyeupe hurudisha joto. Lakini maungio yake huunganishwa kwa mashine ya moto, na inataka fundi aliyesomea. Ukiipata na fundi wake, sawa. Bila yeye, unanunua mashaka."

"Sasa karatasi ya lami imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Iliachwa uchi. Jua liliipika, misumari ikaitoboa, maji yakailalia. Karatasi ya lami ni kama godoro. Hulilalii bila shuka, wala huliachi mvuani. Tena lami si mahali pa kuweka chakula."

Kisha akawaeleza. Karatasi iliyooza itolewe yote. Juu ya zege imwagwe sakafu ya saruji yenye mteremko. Kila hatua ya mtu mzima, sakafu ishuke kwa unene wa kidole kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji. Matundu yawe mawili, moja likiziba jingine lifanye kazi, na kila moja livae kichujio cha waya. Itandikwe karatasi mpya ya lami, vipande vikipandana, na ukingoni ipande ukutani kiasi cha shubiri. Juu yake kiwekwe kitambaa kizito cha kinga, kisha vigae vya saruji vya rangi nyeupe. Vigae vitabeba miguu na jua. Karatasi iliyo chini itafanya kazi moja tu, kuzuia maji.

"Lakini saruji na vigae ni mzigo," aliongeza. "Msipandishe hata ndoo ya mchanga kabla mhandisi hajasema zege linauweza."

Oketch alikuna kichwa. "Hayo yote yanazidi bei ya mabati."

"Yanazidi," Valarie alikubali. "Lakini mabati hayakuletei omena."

Oketch alihesabu gharama kwa vidole. Kisha akamgeukia mkewe.

"Tujaribu. Lakini tuelewane, Mama Sheryl. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo hakimu. Tone moja likimfikia mama, mabati yanapanda."

"Nimekubali," Jentrix alisema.

Mhandisi alikuja, akapima, akakagua nondo. Kwa kuwa zege lilitengenezwa kubeba ghorofa, akatoa ruhusa. Fundi Wechuli, mkazi wa mtaa ule mwenye maneno mengi na mkono mzuri, akaanza kazi. Sakafu ilipokauka na karatasi kutandikwa, Valarie aliwaagiza wazibe matundu na kujaza maji ya kina cha vidole vitatu. Maji yakae mchana mzima na usiku mzima kabla kigae hata kimoja hakijawekwa.

Kesho yake Jentrix aliingia chumba kwa chumba, akipapasa dari kwa kiganja. Kwa Dani, kukavu. Sebuleni, kukavu. Koridoni, pale ambapo bomba la maji hupita kwenye zege, kiganja kikarudi na unyevu.

"Huo ni ubaridi tu, mama," Wechuli alisema. "Vigae vimeshafika, gundi iko tayari. Tukivipanga, hakuna maji yatakayofika hapo."

"Vigae si vya kuzuia maji. Ni vya kukanyagwa."

"Mimi nimejenga tangu hujaolewa!"

"Na mimi nimetega sufuria tangu mwezi uliopita. Wechuli, kigae hakipandi. Fungua hapo kwenye bomba."

Wechuli alinung'unika, lakini alikuwa mtu wa haki. Maji yalipotolewa na mahali pakakauka, alifungua karatasi penye bomba. Akakuta haikushika. Akalivisha bomba upya kola ya lami, akaibana vizuri. Wakajaza maji mara ya pili. Safari hii kiganja cha Jentrix kilizunguka nyumba nzima, kikarudi kikavu.

"Umenifaa," Wechuli alisema. "Ningevunja vigae vyangu mwenyewe."

Vigae vikapangwa. Kwa ajili ya wavu, Oketch alibuni fremu nyepesi za mbao. Miguu yake aliisimika katika mikebe iliyojazwa zege, ili fremu zisimame kwa uzito wake bila msumari hata mmoja kugusa paa. Omena zikalala kwenye chekeche za wavu zilizoinuliwa kidogo juu ya vigae, na upepo ukapita chini na juu.

Hakimu hakukawia. Alasiri moja mawingu meusi yalitoka upande wa milima ya Nandi, radi ikanguruma, mvua ikashuka kama aliyetumwa. Jentrix alikimbia juu, akafunika omena kwa turubai. Alisimama pale, nguo zimemganda mwilini, akitazama miguuni. Maji hayakukaa. Yalitiririka chini ya fremu, yakagawanyika, yakaingia katika matundu yote mawili, yakaanguka kwenye pipa.

Chini, Oketch alikuwa amesimama katika chumba cha mama yake, uso ameuelekeza darini. Dani alikaa kitandani pake, sahani ya ugali mapajani.

"Unatafuta nini huko, wuoda?" alimwuliza mwanawe. "Kama ni chakula, kiko hapa."

Mvua ilipokatika, jua likarudi kama kwamba halikuondoka. Oketch alipanda ngazi. Alimkuta mkewe akikunja turubai.

"Nimempigia muuzaji wa mabati," alisema. "Nimemwambia awauzie wengine."

Jentrix alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Kisha akampa mumewe reki ya mbao.

"Zigeuze zikauke upande wa pili."

Oketch akaanza kuvuta kwa nguvu zote, kama mwenye shamba la mihogo.

"Polepole, Baba Sheryl! Hizo ni omena, si magugu. Polepole!"