Soksi ya Udongo wa Nunguni

Nina miaka arobaini na mbili, wasomaji wenzangu, na cheti cha kidato cha nne nilichopata shule ya usiku nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Na bado, pamoja na cheti hicho, niliamini kabisa kwamba simu inanusa udongo.

Aliyeniambia ni Muthama. Tulikuwa tukizunguka naye kwa wakulima wa Nunguni, tukiandika avokado zao kwenye simu za kampuni. Simu hizo zilikuwa na masharti... ukiitoa moja nje ya Makueni, kaunti yetu, inajifunga, na ikilala huko inajifuta kila kitu.

"Inajuaje imetoka?" nikamuuliza.

"Inanusa mchanga, bro. Wewe beba udongo wa Nunguni, hata ukifika Kampala itadhani iko nyumbani."

Simu yangu mwenyewe ilikuwa imekufa. Kwa hivyo mama aliponitumia sauti yake kutoka Migwani, kule Kitui, ilikuja kwenye simu ya kampuni. "Mwana wakwa, mwanangu, njoo tuonane. Usikawie."

Nikakawia... Ilikuwa mavuno. Wiki hiyo hiyo mama akaaga dunia.

Baba, mtu ambaye hajawahi kuniomba hata kiberiti, aliniomba kitu kimoja. Nije na hiyo sauti, aisikie siku ya mazishi kabla hatujamfunika mama.

Nikajaza udongo mwekundu kwenye soksi, mwingi wa kutosha kupanda shamba la mahindi, nikaufunga pamoja na simu ndani ya mfuko. Migwani nikahangaika na jeneza siku mbili bila kuigusa simu. Si iko salama?

Siku yenyewe baba akainamisha sikio. Nikafungua simu... ikaniuliza nachagua lugha gani, kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

Wewe ungemwambia nini? Nilisema ni mtandao. Baba akabaki ameinama vile vile, akingoja mtandao.

Ndugu zangu, kitu cha moyo wako usikihifadhi kwenye kifaa cha mwajiri. Na usione haya kuuliza. Mimi niliona haya kwa sababu ya cheti.

Muthama aliposikia alisema alikuwa ananitania tu. Nikarudisha simu ofisini, mjini Wote, kwa Mutheu, msichana anayesimamia hizo simu. Udongo ukamwagika mezani kwake. Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Bwana Musyoka, simu haijui udongo. Inajua mahali ilipo kwa setilaiti. Ungenipigia tu, ningekufungulia Kitui siku tatu. Ni kazi ya dakika moja."