Dole Ndani ya Chupa ya Wino

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia bonde la Bihambwe, Callixte alikaa kwenye meza yake barazani akaandika barua ya ubatizo wa mtoto wa jirani, na wino ukatoka na rangi isiyo yake.

Tuelewane kwanza. Callixte alikuwa mwandishi wa Bihambwe nzima. Aliyetaka karatasi ya shamba, barua ya posa au ombi la kazi alikwenda kwake, kwa sababu aliandika kwa kalamu ya wino aliyoachiwa na baba yake, na mwandiko wake ulimfanya hata mlevi aonekane mtu wa maana. Bic, kalamu ya dukani, aliidharau waziwazi. "Bic iko ya kuandikia bei ya maharage," alizoea kusema. Na kulikuwa na jambo moja alilolijua kuliko watu wote wa milima ile: wino mmoja hauna rangi moja. Wino wake wa bluu, kutoka chupa ile ile, ukigusa karatasi ministre mpya, ile pana ya maombi rasmi, ulikuwa bluu ya mbingu. Kwenye karatasi ya fotokopi uligeuka zambarau kidogo. Kwenye daftari la shule ulisambaa na kupauka. Na kwenye kurasa nene za rejista kuukuu ya baba yake, zilizokuwa zimenyonya moshi wa jikoni miaka thelathini, ulizama ukatoka mweusi wenye kijani, kama maandishi ya watu waliokwisha kufa zamani.

Sasa karatasi ya Jumanne ile ilikuwa ministre, mpya, nyeupe pe! Na maandishi yalikuwa meusi yenye kijani.

Alisuuza kalamu. Alijaribu fotokopi, rangi ile ile. Alichana ukurasa wa daftari, rangi ile ile. Mkewe, Généreuse, akatoka ndani amebeba beseni, akasimama mlangoni akinusa.

"Papa Gentille, umetoka kulima?"

"Nilime wapi na niko hapa tangu asubuhi?"

"Na hii harufu ya udongo?"

Naye aliisikia. Udongo mbichi, wa shamba la viazi lililochimbuliwa sasa hivi, na ulikuwa unatoka kwenye chupa ya wino. Akaifunga haraka. Alipoirudia ile barua, pembeni ya sahihi yake palikuwa na alama ya dole gumba, imara, bado mbichi. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa karatasi ile isipokuwa yeye, na dole lake yeye lilikuwa na kovu la panga ambalo Bihambwe yote ililijua. Hili halikuwa na kovu. Na alijua ni la nani, maana alikuwa amelitazama likipigwa kwa wino huu huu.

Lilikuwa la Nyiraneza, mjane wa Nsengimana. Na Nyiraneza mwenyewe alizikwa Jumapili iliyopita kule Kirolirwe.

Nsengimana alipokuwa anakata roho alimwita Callixte kando ya kitanda, akamwandikisha kwamba shamba ni la mke wake na watoto. Ndani ya nyumba hapakuwa na karatasi nyingine ila daftari la shule, basi ikaandikwa humo. Miaka miwili baadaye akaja Sebarenzi, mdogo wa marehemu, akivuta ndama mweusi wa kike wa hongo. Alitaka karatasi iliyo kuukuu kuliko ya mjane, inayosema kwamba shamba alipewa yeye na baba yao tangu zamani. Na Callixte, aibu imwangukie, akatoa ukurasa wa rejista ya baba yake akaandika. Wino ule wa juzi ukazama ukawa wa miaka thelathini.

Ilibaki shahidi. Waliandika jina la mzee Dusabimana, ambaye hayupo tena duniani, lakini jina linataka dole. La Callixte lina kovu. La Sebarenzi ndilo lenye kesi. Callixte akamwita binti yake Gentille, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa anaosha sahani nyuma ya nyumba.

"Lete kidole."

"Ya nini, papa?"

"Kazi ya biro, ya ofisi."

Mtoto akacheka, akapangusa mkono kwenye sketi, akabonyeza.

Siku ya baraza, wazee waliziweka karatasi mbili juani, moja kando ya nyingine. Ya Sebarenzi ilikuwa nyeusi yenye kijani. Ya mjane ilikuwa bluu iliyopauka. "Hii iko ya zamani, muntu yeyote anaona," alisema shefu, chifu wa Bihambwe. "Hii ya mama iko kama ya jana." Wakamwuliza Callixte, mjuzi wa wino. Akasema rangi haiwezi kudanganya.

Nyiraneza akamgeukia. "Papa Callixte, si weye mwenyewe njo uliandika yangu?"

"Nimeandika mingi, mama. Siwezi kukumbuka yote."

Wazee wakamwambia mjane apige dole kukubali kutoka shambani. Kitambaa cha wino cha shefu, cha kupigia dole, kilikuwa kimekauka kau, na Callixte, akitaka jambo liishe upesi, akamsogezea mjane chupa yake mwenyewe. Jamani! Yule aliyemdhulumu, akamfungulia mlango. Nyiraneza alitumbukiza dole gumba mpaka kwenye kiungo, akaliacha humo muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti, macho yake yamemwelekea Callixte. Bibi yeyote pale angemwambia Callixte auteketeze wino ule siku ile ile. Lakini wino mzuri ulitoka Goma, na yeye alikuwa bahili wa wino. Alifunika chupa akaitia mfukoni. Mjane akahamia Kirolirwe kwa ndugu zake, mvua za huko zikamwingia kifuani, akafa. Walimzika na ile karatasi ya daftari ndani ya pindo la kitenge chake.

Alhamisi, siku mbili baada ya ile barua ya ubatizo, jua la saa sita likiwaka, Sebarenzi aliingia uani kwa Callixte anakimbia, mtu mzima na tumbo lake.

"Callixte! Karatasi iko maji! Iko maji, nakuambia!"

Akaifungua. Maandishi yote yalikuwa yamegeuka bluu ya mbingu, mabichi, yanang'aa juani kama yameandikwa dakika ile, na wino ulikuwa umemshika Sebarenzi vidoleni. Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, akamwagia petroli. Rangi haikutoka. Ilipanda.

"Iko baridi," alinong'ona, akiushika mkono wake kwa mkono wa pili. "Iko napanda, ndugu yangu. Usiku kucha nasikia muntu anasugua karatasi, shwii, shwii, na nikiangalia hakuna muntu."

Siku ya tisa akafa, bluu mpaka shingoni, na waliomwosha walitoa udongo mdomoni mwake. Mkewe alikuja na ile karatasi kwenye ncha ya fimbo, akaitupa mlangoni kwa Callixte bila kusalimu. Callixte aliiokota kwa jani la mgomba. Mistari yote sasa ilikuwa imekauka, na jina la Sebarenzi limekauka pia. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kibichi. Lile dole dogo la shahidi.

Mchana ule ule Gentille alirudi kutoka shule, akatua mfuko, akanyoosha mkono.

"Papa, angalia. Nilinawa mara tatu, haitoki."

Dole gumba la mtoto lilikuwa bluu.

Callixte alimvuta ndani akamfunga mkono kwa kitambaa. Waliita watu wa chumba cha maombi, wakaimba siku mbili mpaka sauti zikakauka, na rangi ikafika kwenye kifundo cha mkono. Généreuse akampigia simu mjomba wake Straton wa Mubi, mwindaji wa msitu wa Walikale, anayekwenda kanisani na ambaye mambo ya babu zake hajayasahau. Alifika kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alinusa chupa, hakukaa, hakunywa hata maji.

"Huyu sitamufukuza," alisema. "Miye nafukuza mwizi, sifukuze mwenye kuibiwa."

"Mujomba, mutoto wangu anakufa!" Callixte alipiga magoti.

"Anatafuta mwenye kidole. Usimame mbele ya bale bale wazee, mchana, batu baone rangi. Useme yote."

Basi kesho yake saa nne watu wakajaa kwa shefu, na Uwamariya, binti mkubwa wa Nyiraneza, akaletwa kutoka Kirolirwe. Callixte aliweka meza juani, akaweka ile karatasi, akaweka chupa. Alisema. Alisema habari ya ndama, ya rejista ya baba yake, ya moshi wa jikoni, ya rangi, na kadiri alivyosema harufu ya udongo wa viazi ilizidi, ikawafikia walio mbele wakaziba pua, ikawafikia walio nyuma, na ile shwii, shwii ikasikika juu ya meza ambapo hapakuwa na mkono wa mtu, ikizunguka karatasi taratibu, ikitafuta, mpaka wanawake wakaanza kulia na shefu mwenyewe akasogeza kiti chake nyuma, na Gentille, aliyesimama karibu na mama yake mkono umefungwa kwa kitambaa, akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, imenifika kwenye kiwiko."

Shefu aliinama juu ya karatasi bila kuigusa. "Na hiki kidole? Iko kidogo. Iko ya mutoto."

Kila mtu akamgeukia Gentille na kitambaa chake. Callixte aliona macho yale. Akaona maisha yote ya binti yake pale Bihambwe, mtoto aliyepiga dole la uongo, mtoto aliyemuua mjane.

"Iko yangu," alisema.

"Callixte, yako iko na kovu."

"Nimesema iko yangu! Kidole iko yangu. Mama Nyiraneza, unanisikia? Njo yangu!"

Ulikuwa uongo wake wa mwisho, na hakuwahi kusema neno la kweli zaidi. Akafungua chupa, akatumbukiza dole gumba.

Ndani ya wino kitu kikamshika. Vidole vya mtu, vyembamba, vya baridi, vikalizunguka dole lake vikalivuta chini, na alipolia hakuna aliyethubutu kumsaidia. Juu ya meza, mbele ya macho ya baraza zima, lile dole dogo kwenye karatasi lilianza kutanuka. Likawa pana, la mwanaume, na katikati yake ukafunguka mstari mweupe wa kovu la panga. Kisha likakauka. Shwii ikanyamaza.

Kitambaa cha Gentille kilikuwa kimeanguka. Mkono wake ulikuwa safi.

Callixte alipochomoa dole, rangi ilikuwa imepita kifundo tayari.

Shamba lilirudi kwa Uwamariya na wadogo zake. Straton aliizika chupa na kalamu mahali ambapo hakumwonyesha mtu. Kutoka kitandani Callixte alisikia majembe ya watoto wa Nyiraneza yakichimbua viazi, na hakulalamika. Kila asubuhi alimwita binti yake dirishani, penye mwanga.

"Lete kidole."

Gentille alinyoosha, baba akakigeuza huku na huku, akaridhika. Aliita hivyo asubuhi nane. Ya tisa hakuita.

Walihitaji jina la kubandika kwenye msalaba. Gentille akachukua bic, maana nyumbani hapakuwa na kalamu nyingine, akaandika jina la baba yake kwenye karatasi ministre. Halikukauka. Akaandika kwenye fotokopi, halikukauka. Akachana daftari lake la shule. Bluu ya mbingu, mbichi, zote tatu. Maneno mengine yote anayoandika yanakauka kama ya watu wote. Jina la Callixte, mpaka leo ukiligusa, linakushika kidoleni.