Shanga za Harusi Zakwama Forodhani

Kornelia huuza shanga katika mnada wa mifugo wa kijiji cha Dirma. Wateja wake ni akina mama wafugaji. Hao wanajua kuchagua, na kuomba kupunguziwa ndiyo usiseme!

Siku moja alikuja Mama Gidahosh.

"Binti yangu Monica anaolewa mwezi ujao," alisema. "Nataka shanga za bluu za sketi yake ya ngozi. Usiniangushe, mwanangu."

"Siwezi kukuangusha, mama."

Sketi hiyo mama humshonea binti yake mwenyewe. Bibi harusi akiikosa, aibu ni ya mama.

Kornelia aliagiza shanga nje ya nchi kwa simu. Muuzaji aliuliza, "Niandike nini juu ya kifurushi?"

"Andika zawadi," alijibu Kornelia.

Hakuona kosa. Dirma, mbuzi wa zawadi anayepelekwa harusini hupita kando ya mnada bila kulipiwa ushuru. Basi zawadi ni zawadi!

Siku zilipita. Kisha ujumbe ukaja: kifurushi kimezuiwa forodhani. Inatakiwa ankara, yaani karatasi ya muuzaji inayoonyesha bei halisi. Alikimbilia kwa jirani yake Agatha, anayeagiza vitambaa kutoka nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Kornelia alieleza yote. Agatha akatikisa kichwa.

"Yule mbuzi halipiwi kwa sababu hauzwi. Mnadani wanatoza kinachouzwa. Forodha wanatoza kinachoingia nchini. Na wewe shanga hizo unaziuza."

"Lakini ni kifurushi kidogo tu, mama!"

"Hata kidogo. Zamani nchi nyingi ziliviachia vifurushi vidogo vipite bila ushuru. Sasa watu wanaagiza kwa simu kila siku, vimekuwa vingi mno. Nchi moja baada ya nyingine inaanza kuvitoza."

"Ningejuaje ushuru wake?"

"Uliza kabla ya kuagiza. Kila bidhaa ina kiwango chake, na viwango hubadilika. Hesabu bei, nauli, ushuru na kodi, ndipo umtajie mteja bei yako. Njia ya mwongo ni fupi, Kornelia. Watumie ankara ya kweli."

Kornelia aliituma siku ileile. Alilipa ushuru, kodi na faini. Faida yote ikaisha.

Lililomuuma zaidi lilikuwa kwenda kwa Mama Gidahosh.

"Mama, shanga zimechelewa. Kosa ni langu. Niliandikisha uongo."

Mama Gidahosh aliitazama ile sketi isiyo na shanga.

"Zitafika?"

"Zitafika. Lakini muda utakuwa mfupi, mikono yako miwili haitatosha kumaliza."

Shanga zilifika harusi ikiwa imekaribia kabisa. Kornelia alizipeleka mwenyewe, akaomba sindano. Agatha naye alikuja, pamoja na akina mama wa jirani. Walishona wakitaniana, na walimtania Kornelia kuliko wote.

Tangu hapo Kornelia na Agatha huagiza mizigo yao pamoja, hugawana nauli, na huandika kila kitu kwa jina lake na bei yake. Vifurushi vyao havikwami tena.

Na siku ile ya harusi, Monica alitoka nje amevaa sketi yake. Mama Gidahosh alimshika Kornelia mkono, akamvuta mbele ya ndugu zake.

"Huyu," alisema, "ameshona upande wa kulia."

Kornelia alilia mbele za watu, wala hakujificha.