Kikombe Kilichobaki Udongoni

Mvua ilikuwa imekatika mchana, na Fundi alijua uyoga utakuwa umechomoza. Akafunika cherehani yake, akamwambia Kibibi, mtoto wa marehemu dada yake, afunge mlango kwa komeo. Kisha akachukua kapu na kijiko cha chuma.

Ndiyo, kijiko. Zamani ilikuwa kisu, tangu enzi za bibi yao. Walikuwa watu wa usafi wa kupitiliza: uyoga ulikatwa juu kidogo ya udongo, kapu likarudi nyumbani halina hata punje ya uchafu, na majirani wakasifia. Basi siku dada alipougua baada ya kula uyoga, daktari aliuliza swali moja tu. "Chini ya shina palikuwaje?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Uyoga unaoua, akawaeleza, unafanana na ule mzuri kama pacha, ila chini, udongoni, umevaa kikombe, utando mweupe unaolizunguka shina. Wao kikombe walikuwa wamekiacha huko huko.

Siku ya pili dada alipata nafuu. Akaomba uji, akamtania Fundi kwamba kaburi limemkataa. Kesho yake akafa.

Fundi alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Na bado alikuwa anamlilia kimoyomoyo, hasa jioni kama hii, akiwa peke yake mahali walipozoea kuchuma wawili.

Alifukua taratibu. Akang'oa mmoja, akaugeuza, akafuta udongo kwa kidole. Hauna kikombe. Akautia kapuni. Giza lilikuwa linaanza kuingia kati ya miti, na majani yaliyooza yananuka unyevu.

Halafu ikaja harufu nyingine... Sabuni. Ile ile waliyomwoshea dada kabla ya kumzika.

Nyuma yake kisu kikakata kitu laini. Kikakata tena.

"Mdogo wangu."

Alikuwa amesimama penye majani mengi, ndani ya gauni la mwisho ambalo Fundi alimshonea. Kapu lake lilikuwa limejaa uyoga mweupe, safi, uliokatwa juu.

"Dada..."

"Tazama mikono yako ilivyochafuka. Mama angekuona angekufukuza jikoni."

Fundi alitaka kucheka. Alitaka kumkumbatia, huo ndio ukweli, na miguu yake ikasogea yenyewe.

"Mpelekee mwanangu huu," dada akanong'ona. "Nina hamu naye. Huku sina wa kuongea naye."

"Chini yake kukoje, dada?"

Dada akamsogezea kapu.

Pindo la gauni lake lilikuwa limezama kwenye majani. Fundi akapiga magoti, machozi yanamtoka, akaanza kuyaondoa kwa kijiko pale ambapo miguu ilipaswa kuwa. Majani. Udongo. Kisha kitu cheupe, laini, kimechanika ukingoni, kimemzunguka dada yake pande zote.

Kikombe.

Alitupa kapu akakimbia.

Nyumbani komeo lilikuwa limefunguliwa. Ndani kulinukia kitunguu kilichokaangwa, na Kibibi alikuwa amekaa mbele ya sufuria.

"Mama mdogo, umesahau nini tena? Si umetoka hapa sasa hivi?"

"Nani katoka hapa?"

"Wewe. Umeleta uyoga safi, ukasema nipike nile, nisikusubiri."

Fundi akamshika mabega. "Umekula?"

Mtoto akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kosa. "Sijala. Tangu mama aondoke, siwezi kula peke yangu."

Sufuria ilizikwa na vyote vilivyokuwamo, na Fundi hakukanyaga tena kule msituni. Kama ni shetani aliyevaa sura za watu, au ni dada mwenyewe aliyelemewa na upweke, hakujua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ila walijiwekea utaratibu wao. Fundi akirudi kutoka kwa wateja, Kibibi humwita dirishani: "Mama mdogo, onyesha miguu." Naye hupandisha gauni na kuchezesha vidole, mtoto akacheka, mlango ukafunguliwa.

Mvua iliyofuata iliwakuta wote wawili ndani. Fundi alikuwa anapinda sketi. Mlango ukagongwa, pole pole.

"Mdogo wangu... nifungulie. Kunanyesha."

Sauti ilikuwa ya dada mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo. Mikono ya Fundi ikaanguka mapajani.

Kibibi akaenda dirishani, akasema kama alivyozoea: "Onyesha miguu."

Nje mtu akaanza kulia. Alilia kama dada alivyokuwa akilia utotoni, kwa kwikwi, akificha sauti asisikike. Fundi alisimama nyuma ya mlango, paji la uso limegusa mbao, akalia naye. Harufu ya sabuni ikapenya chini ya mlango.

"Mama mdogo," mtoto akanong'ona, "na kama ni yeye kweli?"

Fundi alilishika komeo kwa mkono wa kushoto, akalikandamiza kwa nguvu zake zote, maana mkono wa kulia ulikuwa umeshaanza kulifungua.