Nilijibu Hapana, Wageni Wakafutwa

Nina umri wa miaka ishirini na sita, na ninauza viazi vya karai mbele ya nyumba ya mama yangu hapa Mwabungo. Lakini msinione hivi, wasomaji wenzangu... Mwaka jana tu nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha mimi, mama na wadogo zangu.

Mchumba wangu, nitamwita Salim, ni mzaliwa wa Msambweni. Alisomea kompyuta Nairobi. Meneja wetu akampa kazi ya kutengeneza programu ya kupangia wageni vyumba, kwa Kiswahili, ili sote tuweze kuitumia. Nilivyojivuna! Mtaani Kona ya Musa nilipita shingo juu.

Siku ya kuijaribu, Salim alituketisha mbele ya mashine mmoja mmoja, meneja akitazama. Kila aliyebonyeza alisema nzuri, mashallah. Nani angesema vingine? Kijana wa watu amejitahidi, umwaibishe mbele ya mkubwa wake?

Mimi niliona jambo. Mashine iliuliza: "Wageni hawaji?" Ubonyeze N kwa ndiyo, H kwa hapana. Sasa niambieni, kama wageni wanakuja, ninyi mngejibu nini? Hapana, wanakuja! Ndivyo tusemavyo tangu utotoni. Kumbe Salim, mtoto wa Msambweni, alikuwa amefikiri kwa Kizungu. Kwake hapana ilikuwa na maana kwamba hawaji, na mashine iliwafuta.

Nilingoja tubaki wawili. Huyu atakuwa mume wangu, nilijiambia, aibu yake ni yangu. Nikamweleza taratibu.

"Hilo dogo, mpenzi," alisema. "Nitalirekebisha. Ila usimwambie mtu, wataniona sijui kazi."

Sikumwambia mtu. Programu ilipoanza kutumika nilikuta swali ni lile lile, nikamuuliza. Akaniapia kwamba ametengeneza kwa ndani, nijibu tu kama tunavyosema kwetu. Basi kundi kubwa la wageni lilipothibitisha safari, nikabonyeza H kwa moyo mweupe. Mashine ikaandika "Ahsante". Ahsante tu, hakuna zaidi! Ningejuaje?

Wageni wale walifika na basi zima, wazee kwa watoto, na vyumba vyao vimeshapewa watu wengine. Walikaa juu ya mizigo yao pale mapokezi, watoto wakilia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake meneja alituita sote. Nilimweleza habari ya lile swali, naye akamwambia Salim awashe mashine tuone. Kwenye kioo paliandikwa: "Wageni wanakuja?"

Mungu wangu! Alikuwa ametangulia asubuhi akalibadilisha! Niliwageukia wenzangu... Kila mmoja alikuwa amesema programu ni nzuri, sasa nani angejikana? Wakainamisha macho. Salim naye hakunitazama.

"Bwana meneja," alisema, "nilimfundisha sana dada huyu. Kompyuta zinampa taabu."

Dada huyu! Mtu aliyeleta posa kwa mama yangu!

Nilifukuzwa siku ile ile. Haukupita muda, shangazi yake akaja kumwambia mama kwamba posa imevunjika, eti kijana bado anajenga maisha. Nilipokwenda sokoni Ukunda nikasikia nimepewa jina: Bi Hapana. Ningemshtaki wapi, na kwa ushahidi gani? Kwenye mashine hakuna hata alama ya swali la zamani. Nilibaki kulia tu.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Mpenzi wako akikuomba umpimie kazi yake, kosa lake liseme mbele ya watu, hata akinuna. Mimi nilimsitiri kwa nguo niliyovaa, naye akaniacha uchi.

Jioni tukimenya viazi, mama huniuliza, "Huna uchungu tena, mwanangu?"

Nami humjibu, "Hapana, mama." Naye huniwekea mkono begani, kwa sababu yeye anajua maana yake ni kwamba bado ninao.