Titotali wa Matrah

Siku hiyo soko la Matrah lilijaa hata mtu akikanyagwa hajui amlaumu nani. Kheiria aliingia dukani kwa mzee Marhoon na buibui jipya la hariri, viatu vya kisigino, na harufu ya udi iliyofika kabla yake. Mzee alikuwa ameshika chupa nyekundu, anamwonesha kijana mmoja mrefu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikakaa sawasawa.

"Nisomee, mwanangu. Hii ina pombe ama haina?"

Kijana akasoma kibandiko. "Imeandikwa 'cordial'. Maana yake ukarimu wa moyoni, mapenzi. Haina neno."

"Maana yake sharubati," Kheiria akasema nyuma yake. "Ya matunda. Mapenzi hayatiwi chupani."

Kijana akageuka, akaisahau chupa. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Na mie nimesoma."

"Basi umesoma nusu."

Wote wawili walikuwa wamepata, kwani neno lina maana zote mbili, na hakuna aliyekubali kusema hivyo. Mzee Marhoon aliona watabishana mpaka adhuhuri, akairudisha chupa rafuni. Kijana aliitwa Thabit, mkalimani katika ofisi ya mhandisi Muingereza kule gatini. Kheiria alikuwa akipiga taipu katika kampuni moja karibu na hapo. Walipotoka dukani kila mmoja alikuwa na nambari ya simu ya mwenziwe.

Simu za Matrah mwaka ule wa 1970 zilikuwa chache, lakini ofisi zao zote mbili zilikuwa nazo, na hawa wawili wakazitumia kama wamezirithi kwa baba zao. Wote walisoma Unguja, kwa vitabu vya Kiingereza vikongwe kuliko babu zao, ambamo watu wanalewa toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndiyo maana vichwa vyao vilijaa maneno ya ulevi, na pombe yenyewe hawajui hata inanukaje.

"Habibti, ume-quaff kahawa asubuhi hii?"

"Vikombe vitatu."

"Basi wewe 'toper'."

"'Toper' ni mlevi wa kila siku, Thabit. Mie 'tippler', wa kidogo kidogo. Soma vizuri."

"Nifundishe, roho yangu. Nnaona raha unaponisahihisha."

Kheiria alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa buibui. Alimpenda, alijua kuwa anampenda, na hakuona sababu ya kujificha.

Wazee wa Thabit walipokuja kuposa, Bi Mahfoudha, shangazi aliyemlea Kheiria, aliomba muda wa kuuliza. Walipoondoka akamwita mwali wake.

"Kijana anashinda na Wazungu. Mie nnataka kujua kitu kimoja tu: anakunywa? Akiwa anakunywa, simtoi mtoto wangu."

"Hanywi, shangazi. Nitamuuliza."

"Umuulize yeye? Mlevi gani atakwambia yeye mlevi? Muulize mkubwa wake."

Kheiria akampigia mhandisi, akajitia kuwa kampuni yake inafikiri kumwajiri Thabit. Akauliza kazi yake, akauliza tabia yake, kisha, kwa Kiingereza chake cha madaha, akauliza habari ya kinywaji. Mzungu akacheka.

"Thabit? Titotali, bibi. Titotali kabisa. Maishani mwangu sijaona mwengine kama yeye."

Kheiria akaiweka simu taratibu. Neno lile hakuwahi kulikuta kitabuni, lakini mtu anayejua 'toper' na 'tippler' atashindwaje na hili? 'Total' ni jumla. 'Total' ni chote, habakishi. Kumbe juu ya 'toper' yupo mwengine, na huyo ndiye aliyempa moyo wake. Hakumuuliza mtu. Kisomo kilimpanda kichwani hata kuuliza akaona haya, na hapo ndipo alipoharibu.

Posa ikarudishwa. Thabit akapiga simu.

"Kheiria, nimekukosea nini?"

"Kanywe."

"Nikanywe nini?"

"Hicho unachokunywa siku zote," akasema, akakata.

Asubuhi ya pili Thabit alisimama mlangoni mwa kampuni, kanzu imekunjamana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kheiria aliyaona macho yale akajiambia, hayo sasa, ushahidi umejileta wenyewe.

"Niambie usoni," alisema Thabit.

"Mkubwa wako kanambia. Wewe titotali."

"Ndiyo. Tangu kuzaliwa."

"Na haya huna?"

"Haya ya nini? Baba yangu titotali, na mama yangu. Na wewe pia, Kheiria."

"Mie?"

"Titotali ni mtu asiyetia tone la pombe mdomoni. Wewe ulifikiri nini?"

Kheiria alihisi uso unamuwaka. Alingoja Thabit acheke, na Thabit hakucheka, ikawa vibaya zaidi.

"Ulimuuliza Mzungu," akasema Thabit. "Mie hukuniuliza. Nimekesha nnatafuta kosa langu."

"Nimelikosea neno, na nimekukosea wewe. Hilo la pili ndilo linaloniuma. Nakupenda, Thabit. Walete wazee wako tena. Leo hii."

"Na shangazi yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia sijui Kiingereza."

Thabit akamtazama vizuri. "Wewe? Utayatamka hayo?"

"Mbele ya wazee wako, ukitaka."

Na kweli aliyatamka. Alasiri ile wazee wamekaa barazani, yeye yuko nyuma ya pazia kwa gauni la zari, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu kwamba neno lilimshinda, akalitia maana ya kichwani mwake, akamsingizia mtu asiye na kosa. Thabit, aliyekaa mwisho wa mkeka, aliinamisha kichwa kuficha furaha yake.

Bi Mahfoudha akamgeukia mwali wake.

"Kwa hivyo hanywi?"

"Hanywi, shangazi."

"Na hicho Kiingereza nyote wawili mnakijua nusu nusu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mie nimeridhia," akasema Bi Mahfoudha. "Lakini huko nyumbani kwenu mkigombana, mgombane kwa Kiswahili."